Springi ya Nyuma, Upande wa Kulia

Springi ya nyuma ya Pijo 504 stesheni wagoni, ikishatolewa chini ya gari na kulazwa juu ya gunia, huonekana ndogo kuliko kazi iliyoifanya. Ni waya mnene wa chuma uliozungushwa, basi. Rangi nyeusi ya kiwandani imesalia kwenye mizunguko ya juu; mizunguko ya chini imegeuka kahawia na kuota magamba, na ukipitisha ukucha magamba yanabanduka na kuacha vishimo. Lakini pa kutazama hasa ni pale ilipokatika. Niliisogeza kwenye mwanga, nikaona uso wa chuma wenye rangi mbili. Upande mmoja kuna umbo la mwezi mwandamo, jeusi, limekomaa kwa kutu. Kwingine kote kunang'aa kijivu, chembe zake mbichi, utadhani pamekatwa asubuhi ile. Ule mwezi mweusi ni ufa wa siku nyingi. Ulizaliwa ndani ya kishimo cha kutu kisichofikia punje ya ulezi, ukawa unajongea kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, unywele kwa unywele, huku gari likipeleka wagonjwa hospitali, maharusi ukumbini na magunia ya mpunga mashineni. Sehemu inayong'aa ndiyo iliyobaki ikishikilia mzigo wote peke yake mpaka ikaachia. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa ki mifupani, na aliyeketi kitini hakuwa na habari.

Injini husifiwa, bodi huoshwa na kupigwa rangi, redio hubadilishwa kila mwenye gari anapopata vijisenti. Springi hakuna anayeiinamia. Anayekaa juu yake husema gari hili tamu, linaelea, na utamu wenyewe ni jasho la kitu kilichofichwa gizani kati ya ekseli na chesisi, kwenye tope na vumbi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna mzigo tunaouona mwepesi zaidi ya ule tunaobebewa na kitu kisichoweza kulalamika.

Mtu akiitazama springi ya koili ikidunda hudhani chuma kinakunjwa. Kumbe kinanyongwa. Uzito ukishuka, waya husokotwa ndani ya mwili wake wenyewe, mzunguko baada ya mzunguko. Uzito ukiondoka, husokotoka na kurudi ulivyokuwa. Robert Hooke wa Uingereza aliipata kanuni ya springi, na mwaka 1676 akaificha ndani ya fumbo la herufi zilizopangwa kwa mfuatano wa alfabeti, asije mtu akamwibia. Akalifumbua mwaka 1678. Kanuni yenyewe ni nyepesi kwa mtu yeyote aliyewahi kuvuta upinde: kadiri unavyouvuta ndivyo nao unavyokuvuta. Kilicho kizito ni hesabu ya unene. Ukakamavu wa springi ya koili hufuata unene wa waya wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Kutu ikila sehemu moja tu kati ya kumi za unene huo, zaidi ya theluthi moja ya ukakamavu imekwenda. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo humpa mwenye shoka nafasi ya kuona linavyopungua. Springi haitoi nafasi hiyo. Macho yanaona waya ule ule, mnene vile vile, na gari limekwishaanza kulalia upande mmoja.

Na kutu yenyewe tunaitukana bure. Chuma kitupu si hali ya kawaida ya chuma. Ardhini hukaa kimeshikana na oksijeni, na wekundu wa udongo wa Voi na wa Karatu, ule unaopaka soksi na kuta za nyumba, ni chuma kilichotulia nyumbani kwake. Binadamu hukitoa huko kwa moto mkali, hukitenga na oksijeni yake kwa nguvu, halafu hukiita mali. Tangu siku hiyo chuma kinatafuta njia ya kurudi. Maji na hewa vinatosha kukionesha njia, na chumvi ya bahari hukiharakishia safari, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha vizuri zaidi ule umeme mdogo unaotiririka kutoka doa moja la chuma hadi jingine wakati kinaliwa. Ndiyo maana gari lililolelewa Dodoma huvuka miongo na sakafu yake, na ndugu yake aliyelazwa usiku kucha karibu na ufuko wa Dar es Salaam au Tanga hutobolewa kuanzia chini. Aluminiamu nayo hushika oksijeni, lakini hujivika ngozi nyembamba inayoganda na kuilinda. Kutu ya chuma huvimba, hupasuka, hubanduka, na kufungulia mlango tabaka linalofuata. Nikiifuta springi vumbi lake jekundu likabaki kidoleni, siwezi tena kuliita uchafu. Ni udongo uliokuwa njiani.

Pijo 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na stesheni wagoni yake ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na ekseli moja isiyogawanyika nyuma na springi nne za koili badala ya mbili, mbili kila upande. Mtu aliyeamua ziwe nne alikuwa amefikiria mzigo, na mzigo ukamjia kuliko alivyofikiria. Afrika Mashariki ilikuwa imeshamjua kaka yake, Pijo 404, ambaye alishinda Safari Rally mwaka 1963, akarudi kushinda 1966, 1967 na 1968. Na mara mbili kati ya hizo nne, mwaka 1963 na 1968, mvua na tope viliacha magari saba tu yafike mwisho. Ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Tanzania, pamoja na Chris Rothwell. 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na 1978. Hata hivyo sifa yake ya kweli haikuandikwa kwenye vikombe. Iliandikwa kwenye barabara ya Namanga kwenda Nairobi, kwenye safu tatu za viti zilizosheheni, magoti ya mtu mgongoni mwa mwingine, keria ya juu ikiwa na masanduku, mkungu wa ndizi na beberu aliyefungwa miguu. Gari lile lilikuwa na namna ya kupita juu ya barabara mbovu pasipo kugombana nayo. Mkia ulishuka, ukapumua, ukainuka. Waliopanda wakiwa watoto bado wanaikumbuka pumzi hiyo tumboni.

Kiwanda cha Ufaransa kiliacha kuunda 504 za abiria mwaka 1983. Kenya na Nigeria ziliendelea kuziunganisha hata baada ya mwaka 2000, jambo ambalo wapenzi wa magari ya kale wa Ulaya hulitaja kwa mshangao, ilhali kwetu ilikuwa ni kawaida tu: gari linabeba, kwa nini liachwe? Kisha zikaja meli za magari yaliyokwishatumika kutoka Japani, na duka la spea likabadilika sura. Leo ukipita Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, ukauliza springi ya nyuma ya Pijo 504 stesheni wagoni, kijana wa dukani hukutazama kwa heshima anayompa mtu aliyeuliza nyumba ya marehemu. "Mzee wangu, hiyo haipo sokoni. Ungesema Noah au IST ningekupa sasa hivi, orijino au ya Kichina, uchague mwenyewe." Haoni haya, wala hana sababu ya kuona haya. Rafu yake inafuata barabara, na barabara imejaa Noah. Duka la pili hukuelekeza la tatu. La tatu hukutajia mzee fulani aliyekuwa nazo, ambaye alihamia Mbagala, au alifariki, au aliuza vyote kwa kilo. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. Ila kuna kutafuta ambako mtu huanza akitaka kitu, na katikati ya njia akajikuta anatafuta watu.

Niliyempata ana banda la mabati, feni ya kupulizia makaa, na koleo ndefu kuliko mkono wake. Umri wake unakaribia miaka sabini. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua macho, kwani yalikuwa yameshakwenda kwenye springi. Aliigeuza, akauweka ule uso wa rangi mbili kwenye jua, akaupitishia kidole gumba pale penye mwezi mweusi. "Hii imekuvumilia sana, mwanangu," alisema. Halafu akachukua kalipa ya kupimia unene.

Yeye ni wa kizazi kilichosomeshwa na uhaba. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni, mafuta yalipanda, na spea zikawa habari za kusimuliwa. Magari yalipandishwa juu ya mawe, mengine yakaota majani mpaka kwenye usukani. Mafundi wa karakana za reli, za mashamba ya mkonge na za viwanda walianza kukereza kwa mashine zao vitu ambavyo mchoro wake ulikuwa umebaki kwa Mzungu aliyevibuni. Bushi zilichongwa kutoka mpira wa matairi ya lori. Pini zilikerezwa kutoka mihimili ya trekta zilizokufa. Nasema kwa moyo wote kwamba hiyo ilikuwa elimu kubwa, na hatujaitunza inavyostahili. Tumezoea kusema Pijo ni gari la Mfaransa. Lilikuwa lake alipokuwa anatuma spea. Siku bohari yake ilipofungwa, akawepo mtu chini ya banda la mabati aliyejua unene wa waya, idadi ya mizunguko na rangi ya moto, siku hiyo gari lilibadilisha kabila.

Lakini nisiimbe sifa ya kila kilichochongwa kwetu, maana katika springi uzembe huua. Kuna anayeikata springi mzunguko mmoja ili ilingane na gari jingine. Kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo springi inavyozidi ugumu, na gari hushuka huku likiruka. Kuna anayesukumia kipande cha mpira kati ya mizunguko ili gari lionekane limesimama sawa siku ya kuuzwa. Mbaya kuliko wote ni anayechomelea springi iliyokatika. Chuma cha springi kimepewa utii wake kwa moto uliopimwa, na cheche za kuchomelea huunyang'anya utii huo papo hapo: pembeni mwa kovu kinakuwa kigumu mno kama kioo, hatua moja mbele kinakuwa laini mno. Inaweza kushika mpaka Chalinze. Na ndani ya gari hilo kuna mama mjamzito, na mwanafunzi anayerudi shule, ambao hawakuulizwa. Yule mzee aliponiona nimeiunganisha springi yangu kwa vidole, vipande viwili pamoja, kuona vinavyooana, aliniondolea mkononi vipande vyote viwili akaviweka mbali. Hakuhitaji kunieleza.

Njia yake ni ndefu. Chuma hukitoa kwenye tosheni ba za Hiace zilizokufa, na sababu yake inapendeza ukiifikiria: tosheni ba ni fimbo iliyonyooka inayobeba gari kwa kunyongwa, na springi ya koili ni fimbo hiyo hiyo iliyozungushwa ili iingie mahali pembamba. Kazi ni ileile, umbo ndilo limebadilika. Fimbo huingia makaani mpaka inakuwa nyekundu ya kuelekea machungwa, vijana wawili huizungusha kwenye bomba nene huku yeye akiihesabia nafasi kwa jicho, kisha hutumbukizwa ndani ya pipa la oili, moshi ukapanda, na hapo inakuwa ngumu kiasi kwamba ukiiangusha sakafuni inaweza kupasuka. Ugumu huo haubebi kitu. Ndipo huirudisha kwenye joto la chini, taratibu, akiwa amekwangua sehemu ndogo hadi ing'ae, na kuitazama rangi ikipita juu yake: majani makavu, zambarau, samawati. Kwenye samawati huita. Mtu mwenye haraka angeitoa kwenye zambarau, na springi ingekatika. Mtu mwenye usingizi angeichelewesha, na ingelala chini ya mzigo isiinuke. Kati ya ugumu unaovunjika na ulaini unaolala kuna upana wa rangi moja.

Kila springi, hata iwe nzuri vipi, ina kasoro ya tabia: haisahau. Shimo moja likiigusa, huinuka kulipiza, hushuka, huinuka tena, na gari lenye springi peke yake lingeendelea kuyumba mita nyingi baada ya shimo kupita. Ndiyo kazi ya shokapu. Shokapu haibebi uzito wa gari; ndani yake mna oili inayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo, na katika kupita huko ghadhabu ya springi inageuka joto na kupotelea hewani. Ukitaka kuijua hali yake, kandamiza kona ya gari kwa uzito wako wote kisha uachie: likiinuka na kutulia, ni nzima; likiendelea kunesa, imekufa. Nimekutana na familia zenye springi madhubuti na shokapu zilizokufa. Jambo la mwaka wa njaa linainuliwa kwenye kila kikao, linashuka, linainuka. Na nimeona wale ambao oili ipo, ila springi imechoka: hawagombani, hawakumbuki, wala hakuna wanaloweza kulibeba. Sijui kama mtu anaweza kuchagua moja. Chini ya gari vimefungwa pamoja.

Alipokuwa anasubiri makaa yashike nilimuuliza kama kuna kijana anayejifunza kazi ya springi. Wale wawili wa bomba, alisema, wanasubiri kupata pikipiki. Jibu hilo lilinipeleka kimawazo Buhaya, nchi ya Wahaya. Huko watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwenye tanuri zilizopuliziwa mivukuto, na wataalamu wa mambo ya kale waliostaajabu joto la tanuri hizo waliliandika jambo hilo miaka ya 1970. Kisha majembe na vyuma vya bei rahisi kutoka ng'ambo vikaingia, na tanuri zikazimwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuri upya. Walijenga kwa kumbukumbu: udongo wa kichuguu, majani ya bwawani yaliyounguzwa shimoni, mkaa. Moto wa kwanza haukuwatii. Walijaribu tena, wakibishana na kusahihishana, mpaka chuma kikatoka. Kila nikiwafikiria wazee wale hujiuliza ingekuwaje mtafiti angechelewa miaka kumi. Tanuri ingekuwa bado ipo ardhini, mabaki yake yangepimwa maabara, na hapangekuwa na mtu wa kusema sasa puliza, sasa acha.

Chuma chenyewe hakiwezi kupotea. Ni mjuzi anayepotea. Springi za bapa za lori, zile zinazopangwa moja juu ya nyingine, hazijawahi kutupwa katika nchi hii. Wahunzi wa Mamba, karibu na Marangu, na wa sehemu nyingine nyingi, huzigeuza visu, mapanga na mikuki, kwa sababu chuma kilichozoea kubeba tani hushika makali vizuri. Wanunuzi wa vyuma chakavu nao hupita na mikokoteni, hununua kwa kilo, na kilo hizo huyeyushwa kuwa nondo. Sina shaka kwamba zipo Pijo ndani ya zege la maghorofa ya Kariakoo, zimesimama wima, zinabeba orofa kumi. Hilo halinisikitishi. Kinachonikera ni kusikia gari likiitwa mkweche na mtu ambaye hakuwahi kuinama kutazama linasimama juu ya nini, likiuzwa kwa kilo wakati lilikuwa linahitaji springi moja na mtu wa kuipima.

Vipimo vya springi ya koili ni vinne: unene wa waya, upana wa mzunguko, idadi ya mizunguko, na urefu wake ikiwa huru bila mzigo. Mzee huyu ana vipimo vya springi za magari mengi, za koili na za bapa, vimeandikwa kwa kalamu ya risasi ndani ya daftari la kaunta lililofungwa kwa mpira wa tyubu: Bedford, Land Rover 109, Pijo 404, Pijo 504, Isuzu, na pembeni mwa kila gari kuna maneno machache kuhusu moto. Ukurasa wa 504 una alama ya oili inayofunika nusu ya tarakimu, na ilibidi aisome springi yangu ya kushoto, iliyo nzima, ili azirudishe tarakimu zilizofutika. Aliziandika upya kwa kalamu ya wino. Nilimwomba ruhusa ninakili daftari zima kwa mwandiko safi, nakala moja ibaki kwake na nyingine niipeleke chuo cha ufundi. Alifikiri kidogo akakubali, kwa sharti kwamba nianze na Bedford, kwa sababu wenye Bedford bado wanakuja kila wiki.